Bamba la Nne

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Huku kwangu wote wazima. Wifi yako amepona kikohozi na sasa amerudi kunigombeza kwa sauti kamili. Watoto wanasoma, au ndivyo wanavyoniambia. Mguu wako unaendeleaje? Na kitindamimba wako bado anaikimbia cherehani? Mwambie mjomba wake naye aliikimbia, ndiyo maana leo anakula vumbi la mawe.

Ningeweza kukupigia ile simu ya dukani kwa jirani yako, lakini hili ninalotaka kukwambia sitaki lisikiwe na kila anayekuja kununua sabuni.

Baraza la jiji linajenga ukumbusho wa vita pale ukingoni mwa maji, ilipokuwa gati ya zamani ya vivuko. Ni ukuta mfupi, unafika kiunoni, na juu yake yatalazwa mabamba ya mawe yenye majina ya wakazi wote wa jiji waliokufa vitani. Karakana yetu ndiyo iliyopewa kazi, na mkuu wa karakana amenikabidhi mimi majina. Anasema vijana wana macho mazuri lakini mikono yao ina haraka.

Miaka kumi na tisa nachonga majina ya watu nisiowajua, dada. Makaburi, vibao vya maduka, jiwe la msingi la benki. Safari hii nitachonga na la kwetu. Mwanao alikaa hapa kwangu miaka mitatu. Alikula mezani kwangu, alijifunza kushika tindo pembeni yangu, na asubuhi alipokwenda jeshini alifungia viatu vyake kwenye kizingiti changu. Kama huyo Kimbaombao wetu si mkazi wa jiji hili, basi sijui mkazi ni nani.

Nitakuandikia kadiri kazi inavyokwenda. Wifi yako anauliza kama ulipata kile kitambaa.

Ni mimi mdogo wako.


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kitambaa kilifika, mwambie wifi ahsante, ingawa rangi ile ni ya msichana wa miaka ishirini na yeye anajua. Mguu upo. Nina kaptura arobaini na sita za shule za kumaliza kabla ya muhula kuanza. Mwalimu mkuu anapita kila siku kunichungulia dirishani kama vile nitakimbia na kitambaa chake. Kitindamimba amekubali kushona vifungo. Vifungo tu, kasema.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa.

Unajua walichonipa mimi. Karatasi moja yenye muhuri, na begi lenye soksi ambazo si zake, maana mwanangu mguu wake ulikuwa mrefu kuliko hizo. Nilipouliza kazikwa wapi, wakasema huko huko. Huko huko wapi, yule ofisa mwenyewe hakujua. Miaka sita sasa watu wakifiwa hapa mtaani wanakwenda kusafisha makaburi ya watu wao, mimi nabaki nimeshika ufagio sina pa kuupeleka.

Kwa hiyo nakuambia wazi, sitaki sherehe wala hotuba. Nataka mahali pa kuweka mkono. Hilo ndilo ombi langu kwako na sijawahi kukuomba kitu tangu uoe.

Mchonge vizuri. Jina lake na la baba yake, yote mawili.

Dada yako wa cherehani.


15 Machi

Dada,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu, sote tunapumua. Mwanangu mkubwa kavunja dirisha la mwenye nyumba kwa mpira, kwa hiyo wiki hii tunatembea kwa vidole.

Nilikuwa na hamu ya kukuandikia habari njema, sasa naandika nyingine. Nimekwenda kwa karani wa kamati ya ukumbusho, kuhakikisha tu. Ni mtu mwembamba mwenye miwani, hana ubaya wowote, na hilo ndilo linalonichosha. Kafungua daftari la wakazi, kapitisha kidole, kaniambia mwanao hayumo.

Unakumbuka nilivyokusimulia nikicheka? Mwenye nyumba alikuwa hataki zaidi ya watu wanne katika vyumba viwili, na sisi na mwanao tulikuwa watano. Watu wa kuandikisha wakazi walipokuja, mwanao alikwenda kusimama uani nyuma ya shuka zilizoanikwa. Wakamwona wifi yako, mimi na watoto wawili, wakaandika wanne, wakaaga. Miguu yake ilionekana chini ya shuka muda wote na hakuna aliyeangalia chini. Tulicheka wiki nzima. Yeye mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi.

Karani anasema kanuni ni kanuni. Lakini anakubali kumwingiza tukileta moja ya karatasi tatu: cheti cha shule ya hapa, au barua aliyoandika akiwa hapa kabla ya kujiunga, yenye anwani na muhuri wa posta ya jiji, au fomu aliyojaza ya kuandikishwa jeshini. Shule hakusoma hapa. Fomu ya jeshi ni habari ndefu, tuiache. Imebaki barua. Lazima alikuandikia, dada, hata mstari mmoja. Tafuta sandukuni, tafuta kwenye mifuko ya nguo zake. Orodha inafungwa mwisho wa Juni.

Nakungoja.

Mdogo wako.


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi na sina sababu nzuri ya kuchelewa kukujibu. Kaptura zilirudishwa zote kwa ajili ya mifuko, nikazifumua, nikazishona upya. Kitindamimba alipata homa, akapona. Jirani wa dukani kaolewa tena, mara ya tatu, na safari hii ana uso wa mtu aliyechoka hata kabla ya kuanza.

Barua sina. Unamjua mwanangu, kalamu ilikuwa nzito mkononi mwake kuliko nyundo yako. Nimepekua sanduku mpaka chini.

Lakini nakuuliza, hiyo fomu ya jeshi mbona umeiruka haraka hivyo? Alikuwa hajatimiza miaka kumi na minane. Mtoto wa umri ule hapokelewi bila mtu mzima kutia sahihi, hilo hata mimi mshonaji nalijua. Na anayetia sahihi hupewa nakala. Sikuulizi alikuwa nani. Sikuuliza wakati ule na sikuulizi sasa. Nasema tu kwamba karatasi ipo mahali fulani, nyumbani kwa mtu fulani.

Miezi miwili si mingi.

Dada yako.


9 Mei

Dada,

Shikamoo. Nafurahi kwamba kitindamimba amepona. Huku mkuu wa karakana ameumwa mgongo, kwa hiyo anatoa amri akiwa amelala kwenye benchi kama mfalme.

Fomu nimeitafuta. Nyumba hii ndogo lakini vitu vinapotea, tumepaka rangi mara mbili, tumehamisha makabati. Nitaendelea kutafuta.

Sasa nisikilize, na usikasirike. Kazi yangu inakwenda hivi. Karani ananiletea majina kwa mkono, karatasi moja kwa kila bamba, kwa mpangilio ambao familia zilithibitishwa. Mimi napiga mistari kwa penseli, nachora herufi zote, ndipo natia tindo. Kila bamba linachukua majina arobaini. Karatasi ya bamba la nne ilikuja na majina thelathini na tisa. Nikahesabu mara tatu. Thelathini na tisa.

Nikamchonga, dada. Sikumweka mwisho. Kwangu alikuwa wa mwisho kuoga na wa mwisho kupewa kitanda, nikasema angalau hapa asiwe wa mwisho. Nimemweka katikati. Juu yake yupo yule muuza magazeti wa kona yetu, aliyekuwa akimwachia asome bila kununua, na chini yake yupo muuguzi mmoja wa kike ambaye simjui. Herufi kumi na saba. Sijawahi kuchonga vizuri hivyo maishani mwangu, na mkuu wa karakana alipopita alisimama, akatazama, akaenda zake. Nadhani alijua.

Karani atakagua mabamba mwishoni mwa Juni. Kabla ya hapo karatasi ikipatikana, hakuna kesi, jina litakuwa limeshafika mahali pake. Kwa hiyo nakuomba, tafuta tena. Ikikosekana barua, hata bahasha tupu yenye muhuri itatosha. Nimemwuliza, kasema itatosha.

Mdogo wako.


12 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Niliposoma kwamba umemchonga niliacha cherehani, nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili. Kitindamimba akaniuliza mama umepoteza nini.

Bahasha sina.

Kama wewe una karatasi, ipeleke. Nakuapia sitauliza sahihi ni ya nani, wala sitaitazama, wala sitakuja hapo kukushika shati. Ipeleke tu. Wewe uko hatua mia tano kutoka kwa huyo karani, mimi niko siku mbili barabarani.

Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu.

Dada.


14 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Salamu za nyumbani sina, wifi yako hazungumzi nami wiki ya pili hii, na ana haki.

Barua yako niliipata tarehe ishirini na mbili. Fomu ilikuwa kwenye sanduku langu la tindo, chini ya kile kitambaa cha mafuta, mahali ilipokuwa miaka yote. Sikuhitaji kuitafuta. Tarehe ishirini na tatu niliitia mfukoni nikaenda nayo kazini, nikarudi nayo. Ishirini na nne vilevile. Ilitembea mfukoni mwangu wiki nzima mpaka ikalainika kwenye mikunjo. Nilikuwa nasema karani ataiweka kwenye faili, faili litatumwa kwako kama mama mzazi utie kidole kuthibitisha, na utaona kilichoandikwa chini. Nilijua umesema hutatazama. Nilijua pia utatazama.

Tarehe thelathini nikapiga moyo konde. Nikafika saa tisa mchana. Karani akaipokea, akaisoma, akavua miwani. Akasema hii ingetosha kabisa. Akasema mwenyekiti alifunga orodha asubuhi ile, imekwenda kupigwa chapa kwa ajili ya kitabu cha ufunguzi, na jina lisilo kitabuni haliwezi kuwa ukutani. Nikamwambia bado ni tarehe thelathini. Akasema ndiyo, bado ni tarehe thelathini. Alikuwa ananihurumia na hakuwa na la kunisaidia. Kasema niandike barua kwa kamati. Nimeandika. Nimejibiwa kwamba kamati ilivunjwa kazi yake ilipokamilika.

Siku ya pili yake wakaja kukagua. Bamba la nne, majina arobaini na moja, maana walikuwa wameniongezea moja la kuchelewa na nililibana chini. Lao walilijua. La kwetu wakaniuliza. Mkuu wa karakana alijaribu kusema ni kosa la kuhesabu. Mwenyekiti akasema basi lifutwe.

Hakuna anayeweza kufuta jina kwenye jiwe bila kuliharibu jiwe isipokuwa aliyelichonga, kwa sababu yeye ndiye anayejua ameingia kina gani. Kwa hiyo nikapewa mashine ya kusagia. Nilianza na jina la baba yake, ili lake libaki kidogo. Halafu nikamaliza. Nilivaa kinyago cha vumbi na miwani, watu waliopita waliona fundi kazini tu. Ili kuondoa herufi lazima ushuke chini ya herufi. Pamebaki kibonde kati ya muuza magazeti na muuguzi, urefu wa mkono mmoja kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Mwenyekiti akasema hapaonekani. Kweli kwa jicho hapaonekani sana.

Sasa nakwambia lililobaki. Sahihi ni yangu. Alinijia Alhamisi nikiwa nanawa, na karatasi mkononi, anaitaka kabla ya Jumamosi. Nikamwuliza mama yako anajua? Akasema anajua. Nikajua ni uongo wa kitoto na nikatia sahihi hivyo hivyo. Ningeweza kusema ngoja nimwandikie dada. Sikusema. Tulikuwa watano vyumba viwili, mwenye nyumba alikuwa ameanza kunusa, na moyo wangu, dada, moyo wangu ulifurahi kidogo kupata nafasi. Hilo ndilo nililokuwa nalificha. Sahihi ni kitu kidogo. Nilikuwa naficha kwamba nilifurahi.

Ufunguzi ni Agosti. Sitakwenda.

Sijui nijiite nani mwisho wa barua hii.


3 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa mara hii hukunipa shikamoo kwa moyo mkunjufu. Kitindamimba hajambo, ameanza kushona kola na zinakaa sawa. Mguu umevimba, nitakueleza kwa nini.

Nilikuja. Usimgombeze mtu, hakuna aliyejua. Nilipanda gari wiki moja baada ya ufunguzi, nikashuka jijini asubuhi, nikauliza njia ya ukingoni mwa maji. Nilipita mtaani kwenu. Niliona mlango wako, na kile kizingiti. Wifi alikuwa anafagia, amenipa mgongo. Nilisimama upande wa pili wa barabara kama mdaiwa, nikaenda zangu. Sikubisha hodi kwa sababu ningebisha, ungefungua, na ungeanza kuniomba msamaha, nami ningelazimika kukwambia papo hapo ninachokwambia sasa. Nimegundua kwamba mimi ni mwoga kukupita wewe.

Humu ndani utakuta barua. Iangalie bahasha kwanza: anwani yako nyuma kwa mwandiko wake, muhuri wa posta ya jiji, tarehe ya siku ya Jumatatu kabla ya ile Alhamisi yako. Nimekuwa nayo miaka yote. Siku nilipokuandikia kwamba bahasha sina, ilikuwa chini ya kiwiko changu, karatasi yangu imeegemea juu yake. Mara mbili nimeibandika stempu nikutumie, mara mbili nimeigandua.

Isome. Anasema: Mama, nimepata jibu lako, umesema nikamwulize mjomba kwa sababu yeye ndiye mwanamume aliye karibu, nitamwuliza Alhamisi akitoka kazini, usiwe na wasiwasi.

Kwa hiyo alipokwambia najua, hakukudanganya. Aliniandikia mimi kwanza. Aliniomba ruhusa mimi kwanza, na nilikuwa na neno moja tu la kumjibu, nikaona nikimkatalia atanichukia, maana wenzake wote walikuwa wanakwenda. Nikasema mjomba wake ana akili, atamkatalia yeye, achukiwe yeye. Nilikutupia wewe ukatae kwa niaba yangu. Halafu nilikaa miaka sita nakulaumu kimyakimya kwa kutokataa, na ukiniuliza barua, nasema sina.

Karatasi zilikuwa mbili, mdogo wangu. Moja ingetosha.

Nilifika ukutani kama saa nne. Mvua ilikuwa imenyesha na kuacha. Mabamba yote yalikuwa yameanza kukauka, watu wanayafuta kwa leso, wanaweka maua, mama mmoja anamwonyesha mtoto kwa kidole. Nikahesabu mpaka la nne. Sikuhitaji kumtafuta muuza magazeti. Bamba zima limekauka, pale peke yake pana maji yamesimama, membamba, urefu wa mkono mmoja. Mwenyekiti wako anasema hapaonekani. Aje siku ya mvua.

Nikaweka mkono. Unaenea. Kiwiko huku, vidole kule. Mguu ulivimba kwa sababu nilisimama hapo mpaka alasiri, hawaruhusu kukaa.

Akaja mlinzi, kijana mwenye adabu, ana kile kitabu chao mkononi. Akaniambia, "Mama, samahani, hapo hapana jina. Unamtafuta nani nikusaidie?"

Nikamtajia. Jina lake na la baba yake, yote mawili. Akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Akasema, "Mama, hayupo."

Nikamwambia ahsante, mwanangu, umejitahidi. Nikafuta mkono kwenye gauni, nikaenda kutafuta gari.

Barua usinirudishie. Iweke kwenye sanduku lako la tindo, pamoja na ile yako.

Dada yako.